Alama Ikae Ndani ya Herufi: Jibu kwa Mwalimu wa Sanaa wa Mombasa

Swali: Nafundisha sanaa gredi ya 8 katika shule moja hapa Mombasa, wanafunzi 48 darasani. Muhula huu niliwapa kazi ya kuchora majina yao kwa herufi za grafiti na kuweka alama inayomwakilisha kila mmoja. Walifurahi mno, lakini nilipokusanya kazi nilikuta zinafanana: herufi zilezile zilizonakiliwa kwenye simu za wazazi, na pembeni moyo, mpira, taji au nembo ya kampuni ya viatu. Mkuu wa shule naye ana wasiwasi kwamba nawafundisha kuchafua kuta za watu. Vifaa nilivyo navyo ni manila, penseli na feltipeni chache. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, usiuache mradi huu. Sababu ya kazi kufanana umeitaja mwenyewe: alama imewekwa pembeni. Mtoto amemaliza jina, nafasi imebaki, akatafuta cha kuijazia. Kinachomjia haraka ni kile alichokiona mara nyingi kuliko vyote, na ndiyo sababu unapata moyo, mpira na nembo ya viatu. Ukimwambia "chora kitu unachokipenda" utaletewa hivyo hivyo mwaka hadi mwaka. Alama inatakiwa iingie ndani ya herufi na kubeba sehemu ya umbo lake, hivi kwamba ukiiondoa herufi inaanguka. Hilo ndilo ningelirekebisha kwanza. Ila ili alama iingie ndani, lazima kwanza pawepo herufi yenye nguvu ya kuipokea, na herufi iliyonakiliwa kwenye simu haina nguvu hiyo, kwa sababu mtoto hajui ilivyojengwa.

Kwa hiyo rudi nyuma hatua moja, uwaeleze sanaa hii ilikotoka. Usitumie kipindi kizima, dakika 10 zinatosha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kijana wa Philadelphia aliyejiita Cornbread alikuwa akiandika jina hilo kwenye kuta za mji wake. New York, kijana mmoja mwenye asili ya Kigiriki, tarishi kwa kazi yake, aliandika TAKI 183 kila alikotumwa. Taki ni kifupi cha jina lake, Demetrius, na 183 ni namba ya barabara ya mtaani kwao. Gazeti la New York Times liliandika habari zake Julai 1971, na majina ya namna hiyo yakazidi kuenea mjini na kwenye mabehewa ya treni za chini ya ardhi. Sasa jina moja lingeonekanaje katikati ya mamia? Hapo ndipo mtindo ulipozaliwa. Phase 2, kijana wa Bronx, akazivimbisha herufi zikawa za mviringo na laini. Wengine wakaongeza kina, wingu la nyuma na mishale, mpaka herufi zikasukana kama ukili na kusomwa na wachache tu.

Watoto wakisikia hivyo wanaelewa kwamba kila pindo na kila mshale ulibuniwa na mtu aliyetaka asichanganywe na mwingine. Miongoni mwa waandishi wale, kuchukua mtindo wa mwenzako na kuuita wako ilikuwa aibu kubwa. Ukiitangaza kanuni hiyo darasani, kwamba alfabeti za kunakili haziingii humu, watoto wataipokea vizuri zaidi kuliko ikitoka kwako kama katazo la mwalimu.

Kipindi cha kwanza cha kuchora, wape karatasi ya kawaida na penseli. Kila mmoja aandike jina lake mara nyingi, haraka haraka, kama mtu anayetia sahihi, bila kupamba. Kisha achague moja analoliona ni lake. Utashangaa jinsi mikono yao inavyotofautiana: huyu anaivuta M ianguke mbele, yule anaifunga S karibu iwe 8. Tofauti hizo tayari ni mtindo, na hukuhitaji kuzifundisha. Jina liwe fupi, herufi 3 hadi 5. Mwanajuma anaweza kuwa MWANA au JUMA, Abdulrahman akawa ABDU. Wengine watataka majina ya utani, na wapewe nafasi, ila chunguza kwa upole kama jina hilo amelipenda mwenyewe au amebandikwa na wanaomcheka.

Kipindi cha pili ndicho kigumu, na ndicho walimu wengi hukiruka. Herufi ina mifupa na ina nyama. Waandike jina kwa mistari myembamba, wakiacha nafasi ya vidole viwili kati ya herufi na herufi. Kisha kila mstari uvikwe fimbo yenye upana mmoja, tuseme sentimita 2. A ina fimbo tatu, M nne, L mbili. S huwasumbua sana, kwa hiyo waambie waijenge kwanza kwa fimbo tatu za kulala na mbili fupi za kusimama, halafu ndipo waizungushe pembe. Herufi zote zikishasimama imara, waanze kuzipinda: wazipanue chini, waziegemeze upande, wazikate ncha, warefushe mguu wa moja upite chini ya jirani yake. Kanuni ni moja tu: fimbo inaweza kubadilika umbo, lakini idadi yake na mahali zinapokutana visiguswe. A itabaki A hata ukiinyonga vipi, mradi fimbo zake mbili zinakutana juu na ya tatu inazikata katikati. Mtoto akilishika hili, hahitaji alfabeti ya simu tena maishani mwake.

Kina kifundishwe hapo hapo, maana watoto wanakipenda na ni chepesi. Chagueni upande mmoja, tuseme chini kulia. Kutoka kila kona ya herufi avute mstari wa sentimita 1 kwa nyuzi 45, yote ikiwa sambamba, kisha aunganishe ncha zake kwa kufuata umbo la mbele. Kazi ikiharibika, karibu kila mara ni kwa sababu mtoto amebadilisha upande njiani.

Sasa alama. Usianze kwa kusema "alama". Uliza maswali yanayoleta vitu halisi, vya kushikika, na waandike majibu kwa maneno kabla ya kuchora chochote. Haya ndiyo ninayoyatumia. Ni kazi gani nyumbani unayoaminiwa wewe kuliko mwingine? Ni kitu gani kwenu kimelainika kwa kushikwa na mikono? Njiani kutoka nyumbani hadi shuleni, unajua kitu gani ambacho mgeni angekipita bila kukiona? Nani alikufundisha jambo, na siku hiyo alikuwa ameshika nini? Maswali haya hayana jibu la moyo wala la mpira. Yanaleta mbuzi ya kukunia nazi, ufunguo wa duka la mjomba, boya la wavu, spana namba 10, kamba ya feri ya Likoni, mkeka ambao haujamalizika, tochi ya baba anayelinda usiku. Na hata mtoto akileta mpira, utakuwa mpira wa makaratasi na kamba alioufunga mwenyewe, wenye mistari ambayo mpira wa dukani hauna.

Wewe uko Mombasa, na hii ni bahati. Leta leso tatu au nne darasani, uzitandike juu ya meza. Hapo watoto wataona maandishi na michoro vikiishi pamoja katika kitambaa kimoja, kila kitu na mahali pake: pindo, mji, na jina. Waonyeshe pia maandishi madogo ya chapa, kama K.H.E. – Mali ya Abdulla yanayotoka kwenye duka la Mtaa wa Biashara, ambayo wakazi wa Pwani wanayatambua kwa mbali. Jina lililorudiwa kwa umbo lilelile mpaka mji mzima ukalijua; watoto wataona wenyewe kufanana kwake na TAKI 183. Kisha waulize juu ya mchoro wa korosho: mchoraji ametumia mistari mingapi? Ameacha nini? Hili la kuacha ndilo somo. Kitu halisi kina mambo mengi, alama ina machache yaliyochaguliwa.

Kwa kuwafunza kuacha, ninawapa zoezi hili: chora kitu chako kadiri unavyokiona, kisha kichore tena ukiwa umetoa mistari miwili, kisha tena, mpaka ukitoa mmoja zaidi kisitambulike. Simama hapo. Unaweza kuwasimulia Keith Haring, aliyekuwa akichora kwa chaki nyeupe katika vituo vya treni za chini ya ardhi New York kuanzia 1980 hadi 1985. Mabango ya matangazo yaliyokuwa hayana tangazo yalifunikwa kwa karatasi nyeusi, naye akachora juu yake. Alilazimika kuwa mwepesi, maana polisi wangeweza kumkuta wakati wowote, na alikamatwa zaidi ya mara moja. Mchoro wake wa mtoto anayetambaa ni mstari mmoja wa nje na miale kumzunguka, basi. Na kwa wale waliochora taji, waambie kuhusu Jean-Michel Basquiat, ambaye taji lake la ncha tatu linajulikana dunia nzima, na ambaye aliwavika mabondia na wanamuziki weusi aliowaheshimu. Baada ya hapo muulize mtoto: wewe ungemvika nani, na kwa nini? Akiwa na jibu, taji libaki. Akiwa hana, atalitoa bila kushurutishwa.

Kipindi kinachofuata alama na herufi zikutane, kwenye karatasi ya majaribio, na penseli tu. Mahali pa kuiweka alama ni pawili. Kwanza ndani ya mwili wa herufi: fimbo moja inakuwa kitu. Tuseme mtoto anaitwa Juma na babu yake ni mvuvi. J tayari ina umbo la ndoana, inahitaji ncha ya kunasa na tundu la kupitisha mshipi tu. Salma anayekuna nazi kila jioni anaweza kuifanya fimbo ya katikati ya A iwe ulimi wa mbuzi, wenye meno mwishoni. H ni ngazi ya fundi rangi ukiiongezea vipago. E inaweza kuwa kitana, U ikawa chungu, T ikawa mlingoti na foromali yake. Pahali pa pili ni ndani ya tumbo la herufi, pale ambapo rangi ingejaa: suko la ukili, matundu ya wavu, mishono ya cherehani, mabati ya nyumba za mtaani kwao. Hapa alama inageuka kuwa mchoro wa kujirudia na kulishika jina lote.

Weka mpaka: herufi moja tu igeuke kitu, na mchoro mmoja tu ujaze nyingine. Watoto wenye kipaji ndio watakaolipinga hili, kwa sababu wanaweza kuigeuza kila herufi kuwa kitu, na watafanya hivyo mpaka jina lisisomeke. Shikilia msimamo wako. Halafu wafundishe kujipima wenyewe. Funika alama kwa kidole. Jina likibaki kamili bila pengo lolote, alama bado iko nje, irudishwe ndani. Kisha mwenzako asimame mwisho wa darasa ajaribu kulisoma. Akishindwa, rudi kwenye mifupa.

Kuna jambo hapa ambalo ni zito kwangu. Maswali niliyokupa yanafungua milango. Mtoto mmoja atachora ufunguo wa nyumba ambayo hawaishi tena, mwingine miwani ya mama aliyefariki. Mwambie kila mmoja tangu mwanzo kwamba maana ya alama ni mali yake, na halazimiki kuieleza mbele ya darasa wala kwenye karatasi ya maksi. Wewe unakagua umbo lake na jinsi lilivyoingia katika herufi. Ukiona jambo linalokutia hofu, zungumza naye faragha baada ya kipindi, kama ambavyo ungefanya kwa insha.

Vilevile watakuwapo watoto ambao nyumbani kwao hawapendi kuchora nyuso za watu au wanyama. Mradi huu unawafaa sana, maana msingi wake ni herufi na vitu. Wengi wao wamezoea khati, uandishi wa kupamba wa Kiarabu, huko madrasani na wana mkono mzuri kuliko wenzao. Waonyeshe eL Seed, Mfaransa mwenye asili ya Tunisia anayeunganisha khati ya Kiarabu na grafiti. Mwaka 2012 alipamba mnara wa msikiti wa Jara mjini Gabès, Tunisia, kwa aya ya Qur'ani inayosema watu wameumbwa mataifa na makabila ili wajuane. Mtoto akitaka kuliandika jina lake kwa hati ya Kiarabu, mruhusu. Mifupa na nyama vinafanya kazi palepale, ingawa lazima aziheshimu nukta na viunganisho.

Rangi sitakaa nayo sana. Manila 12 ukizikata vipande vinne vinne zinakutosha wanafunzi 48. Kila mmoja achague rangi tatu, hafifu, ya kati na iliyokolea, na nyeusi iwe ya mwisho kabisa. Wakianza na mstari mweusi wa nje, feltipeni za rangi zitauburuta wino na kazi itachafuka. Makopo ya rangi ya kupuliza usiyaingize darasani, mvuke wake unahitaji barakoa maalumu na mahali pa wazi. Ukungu wa kopo unaweza kuupata kwa mswaki wa zamani: chovya kwenye rangi ya maji nzito kidogo, kwaruza kwa kidole juu ya karatasi, na ufunike sehemu usiyotaka kwa boksi lililokatwa. Feltipeni ziwe za kikundi, zitunzwe na mtu mmoja katika kila meza, vinginevyo baada ya siku mbili zitakuwa zimekauka.

Nije kwa mkuu wa shule. Usimwendee kwa kubishana, maana hofu yake ina msingi. Katika mitaa yetu yako makundi ya vijana yanayoandika majina yao ukutani kutangaza kwamba mahali fulani ni pao, na mtoto wa gredi ya 8 anayajua majina hayo. Weka kanuni iliyo wazi: hakuna jina la kundi, hakuna namba wala ishara ya kundi, na jina ni la mtu mmoja. Na watoto waambiwe ukweli kuhusu New York. Waliochora treni bila ruhusa walivunja sheria, wengine walikamatwa, na jiji likapambana nao kwa miaka mingi mpaka behewa la mwisho lililochorwa likaondolewa kwenye huduma mwaka 1989. Usiwafiche hilo, na usiwafiche pia kwamba uzuri ulikuwamo. Mtoto wa miaka 13 anaweza kuyabeba yote mawili.

Halafu mwonyeshe mkuu upande wa pili, wa hapa nyumbani. Wachoraji wa matatu za Nairobi wanalipwa na wenye magari kuchora majina na sura kwa ustadi unaowavuta abiria. Kanuni za Michuki, aliyekuwa waziri wa usafiri, zilipoanza kutumika mwaka 2004, magari yakalazimishwa mstari wa manjano na michoro ikafutwa, kisha serikali ikalegeza na kazi ikarudi. Kibera, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, msanii Solo 7 alizunguka akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta na vibanda. Dar es Salaam, kundi la Wachata limechora kuta nyingi za mji na kufundisha vijana. Kote huko swali la kwanza ni lile lile ambalo mkuu wako analiuliza: ukuta huu ni wa nani, na nani ameruhusu? Lifanye liwe swali la mradi wenyewe. Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi aandike sentensi tatu kulijibu, na karatasi hizo umpelekee mkuu pamoja na kazi mbili tatu za majaribio. Akiona ndoana ndani ya J na kusikia mtoto akieleza kwa nini fimbo zake zina upana mmoja, mazungumzo yatakuwa mengine.

Katika kutoa maksi, usizawadie unadhifu peke yake. Dai karatasi zote za majaribio zibandikwe nyuma ya kazi, na nusu ya maksi itoke humo: mifupa, fimbo, zoezi la kuacha, kipimo cha kidole. Mtoto mwenye mkono mzito aliyehangaika kwa majaribio matano amefanya kazi kubwa kuliko mwenye mkono mwepesi aliyemaliza kwa jaribio moja, na darasa lijue kwamba wewe unaona hivyo.

Mkuu akikubali na kukupa ukuta wa shule, omba ruhusa hiyo kwa maandishi, itaje ukuta upi na kwa muda gani. Upakeni kwanza rangi nyeupe ya maji, muugawe kwa chaki katika miraba 48 inayolingana, na kila mtoto akuze kazi yake kwa kuchora miraba midogo juu ya karatasi na mikubwa ndani ya sehemu yake ukutani. Asipokubali, mbao za plaiwudi zilizosimamishwa kando ya bwalo zinafanya kazi hiyo hiyo, na zinaweza kuhamishwa siku ya wazazi.